Mguu wa kuku na mikono ya mvuvi: majibu ya maswali yenu

Wana Kigoma habari zenu, maswali ya misuli na viungo yamekuwa mengi, leo nachukua haya manne.

"Navuta nyavu usiku kucha, mbona vidole haviumi ila panauma huku karibu na kiwiko?"

Swali zuri sana kaka. Misuli inayokunja vidole haikai kwenye vidole, mingi iko huku kwenye kigasha, yaani kati ya kiwiko na kiganja. Siku mkichinja kuku nyumbani chukua ule mguu uliokatwa, tafuta kale kauzi keupe kanakochungulia, kavute uone vidole vinavyojikunja na kuku kashakufa zamani. Hako kauzi ndio kano. Na wala haijafungwa kwenye msuli kama kamba, ule utando mweupe unaouona kwenye nyama ya ng'ombe ndio unaofunika nyuzi za msuli, unaenda unaungana mpaka mwisho unakuwa kano yenyewe na kano inazama kwenye mfupa. Sasa wewe unashika wavu kwa vidole lakini mzigo wote unavutwa na kigasha, na misuli yake mingi imeanzia hapo hapo kiwikoni. Pumzisha mkono siku kadhaa, ukirudi pokezaneni na wenzako.

"Nabeba mizigo mwaloni Kibirizi, kesho yake niko poa ila keshokutwa ngazi hazishukiki. Ni asidi?"

Hapana, hiyo asidi ambayo msuli unaitengeneza ukifanya kazi ngumu inaondoka ndani ya kama saa moja tu. Ni nyuzi za msuli na utando wake zimeumia kidogo kidogo, hasa ukiwa unateremka na gunia maana msuli unavutwa huku umekaza. Inauma siku mbili tatu halafu inaisha, tembea tembea tu usilale.

"Nimeteguka enka mpirani, bibi anataka kunichua na mawese ya moto."

Dogo, mshukuru bibi kwa heshima zote ila mwombe asubiri. Hapo zimeumia kano za aina nyingine, zile zinazoshika mfupa kwa mfupa, na ukichua kwa nguvu au ukaweka joto siku mbili tatu za mwanzo uvimbe unaongezeka. Funga bandeji, inua mguu, weka barafu kwenye kitambaa. Ukishindwa kukanyaga hata hatua nne nenda hospitali wakupige eksirei. Kano inapata damu kidogo kuliko msuli ndio maana inapona polepole, wiki kadhaa, wakati mwingine miezi, na naumia sana nikiona vijana wanarudi uwanjani wiki ya kwanza tu kisa hapaumi! Maumivu yakipungua anza kuuchezesha taratibu, simama kwa mguu mmoja ukiwa umeshika ukuta, kano inajengeka kwa kupewa kazi kidogo kidogo.

"Kunyoosha viungo kabla ya mechi kunatosha?"

Hakutoshi. Kimbia taratibu, ruka ruka dakika kumi. Kano ya kisigino inavutika ukikanyaga na kurudi kama mpira wa manati, iamshe kwanza ndio uanze kukimbiza watu.