Mzee wa Rafu Anajibu: Kitabu Kilichofichwa Kilikuwa kwa Jirani

Barua za mwezi huu zimezidi kurasa nilizopewa, na karibu zote zinauliza jambo moja: vitabu vya siri za dini. Nahisi ni hizi video zinazorushwa usiku kwenye simu. Nimechagua barua nne. Kwa mgeni wa safu hii, nilikuwa mkutubi kwa miaka 31, na rafu ninazozisema ni za vitabu, si za mpirani.

*Shikamoo Mzee wa Rafu. Katika kundi la WhatsApp la jumuiya yetu, ndugu mmoja ametuma Kitabu cha Henoko. Anasema Roma ilikinyofoa kwenye Biblia ikakifungia Vatikani kwa kuwa kinafichua siri za malaika. Paroko katuambia tuachane nacho. Mama yangu anaogopa hata kukifungua kwenye simu, anasema simu itaingiliwa. Ukweli ni upi? – Binti wa Moshi*

Marahaba, mwanangu. Mpe mama pole, mwambie simu haitaingiliwa na kitu isipokuwa bando kuisha.

Hicho kitabu hakikufungiwa popote. Wakati wasomi wa Ulaya wanadhani kimepotea, Wahabeshi walikuwa wanakisoma na kukinakili. Kimo ndani ya Biblia ya Kanisa la Othodoksi la Tewahedo la Ethiopia, ambayo kwa hesabu yao ina vitabu 81, na mpaka leo kitabu kizima kimehifadhika katika Kigeez tu, lugha yao ya ibada. Wewe uko Moshi. Vuka Kenya, umefika kilikofichwa.

Henoko mwenyewe unamjua. Yumo kwenye Mwanzo sura ya 5: aliishi miaka 365, akaenda pamoja na Mungu, kisha hakuonekana tena kwa sababu Mungu alimtwaa. Waislamu wengi husema ndiye Nabii Idrisa. Basi ukimwambia mtu kwamba fulani alitwaliwa akiwa hai halafu ukanyamaza, atakuuliza: huko alikokwenda aliona nini? Kitabu hiki ni jibu la swali hilo. Kina sura 108, nazo si kazi ya mkono mmoja wala ya kizazi kimoja. Ni maandiko matano yaliyoshonwa pamoja, na yale makongwe yaliandikwa karne ya 3 kabla ya Kristo.

Ndani yake utawakuta Walinzi, malaika 200 walioshuka juu ya Mlima Hermoni na kuoa binti za watu. Azazeli akafundisha binadamu kufua panga na kupaka wanja. Nilipokisoma mara ya kwanza nilicheka peke yangu pale mezani, maana nilikuwa nimetoka harusini na nilikuwa sijaona panga lakini wanja niliuona wa kutosha. Baadaye kuna sehemu nzima inayohesabu malango ya kutokea jua na mwezi, yenye mwaka wa siku 364. Ndugu zako wa kwenye kundi wakifika hapo watasinzia, na ndiyo maana video hazifiki huko.

Kilipoteaje Ulaya? Wakristo wa mwanzo walikijua; Waraka wa Yuda, mstari wa 14 na 15, unakinukuu na jina la Henoko linatajwa. Tertuliano wa Karthago, mwandishi wa Kikristo wa zama hizo, alikitetea. Askofu Augustino naye alikikataa, kwa hoja ambayo mimi kama mkutubi naiheshimu: alisema maandiko hayo yanadai ukale uliopita kiasi, na hakuna wa kuthibitisha yametoka mkononi mwa nani. Yaani alikidai kitabu nasaba yake. Basi watu wakalegea kukinakili. Na kitabu cha mkono kisiponakiliwa kinakufa chenyewe, panya wanatosha, huna haja ya Papa mwenye kufuli.

Mwaka 1773 Mskoti mmoja, James Bruce, alirudi Ulaya kutoka safari yake ya Uhabeshi akiwa na nakala tatu. Tafsiri ya kwanza ya Kiingereza ikatoka mwaka 1821. Halafu katika miaka ya 1950, kwenye mapango ya Qumran karibu na Bahari ya Chumvi, vikapatikana vipande vya Kiaramu vya kitabu hicho hicho, vikongwe kuliko Ukristo wenyewe. Wale mashemasi wa Ethiopia walikuwa hawakutunga; walikuwa wametunza. Ila sura ya 37 hadi 71, zile zinazomtaja Mwana wa Adamu, hazikupatikana Qumran hata kipande, na wataalamu wanabishana juu yake mpaka sasa. Hiyo ndiyo siri inayofaa kukukosesha usingizi.

Niliwahi kwenda Addis Ababa kwa kikao cha wakutubi. Siku ya mapumziko shemasi mmoja mzee akatufungulia kitabu cha ngozi. Haikuwa Henoko, ilikuwa Zaburi. Jalada lilikuwa mbao mbili. Moja ilikuwa imepasuka, ikashonwa kwa uzi kama kibuyu. Ukiinamia karibu unaona vishimo vidogo pembezoni mwa kila ukurasa, mwandishi alivitoboa kupimia mistari kabla hajagusa wino. Wino mweusi kwa maneno, mwekundu kwa majina matakatifu. Ngozi ilikuwa bado ina harufu ya mbuzi. Nikamuuliza huwa wanafanya nini kitabu kikichakaa. Akanitazama kama mtu aliyeuliza mtoto akichafuka hufanywaje. Akasema: tunaandika kingine.

Kuhusu paroko, mimi siingii kati ya mchungaji na kondoo wake. Ila kusoma kitabu si kukiingiza kwenye Biblia. Mwombeni msome naye Waraka wa Yuda, una sura moja tu, halafu mumuulize kuhusu mstari wa 14.

*Mzee, habari za kazi. Huku machimboni kuna jamaa anauza Kitabu cha Sita na cha Saba cha Musa kwa Sh. 80,000. Anasema Musa alikificha, na kwamba ukijua mihuri yake dhahabu haikukimbii. Kina masharti: hakisomwi mchana, na ukikifungua hovyo unapata wazimu. Ninunue? – Mchimbaji, Kahama*

Usinunue.

Torati ina vitabu vitano. Muulize mtoto yeyote wa kipaimara. Hicho unachouziwa kilichapwa Stuttgart, Ujerumani, mwaka 1849, na mchapishaji aitwaye Johann Scheible, aliyekuwa akikusanya maandishi ya uganga na kuyauza. Musa huyo alisema Kijerumani. Mwaka 1880 kikatoka kwa Kiingereza kule New York, kisha mfanyabiashara wa Chicago, de Laurence, akakiuza kwa posta duniani kote. Kilipendwa sana Jamaika na Afrika Magharibi, hata serikali ya Jamaika ikapiga marufuku vitabu vya huyo bwana. Marufuku hiyo ilikuwa tangazo bora kuliko lolote angeweza kulilipia.

Nimekishika. Mihuri yake ni duara zilizojaa herufi zinazofanana na za Kiebrania kwa mtu asiyejua Kiebrania. Sharti la kutosoma mchana nalielewa vizuri: mchana ungeona makosa ya chapa. Mtu akitaka kuandika historia ya namna mkulima wa Ujerumani na mjukuu wa mtumwa kule Karibiani walivyotafuta nguvu walizonyimwa, nitamkabidhi kitabu hicho kwa heshima zote. Wewe kwa Sh. 80,000 tafuta mabuti mazuri ya kushukia shimoni.

*Assalaam alaykum mzee wangu. Bibi yangu alikuwa wa Kadiria, tarika ya Kisufi. Usiku wa Ijumaa tukilala ukumbini tunasikia zikiri mpaka pumzi za watu zinakuwa kama msumeno. Bibi amefariki, mdogo wangu karudi masomoni anasema yote yale yalikuwa bidaa, mambo ya kuzua katika dini. Mimi sitaki ugomvi, nataka kujua tu bibi alikuwa ndani ya nini. Kuna vitabu? – Mjukuu, Tanga*

Waalaykumu salaam. Mungu amrehemu bibi. Suala la bidaa waachie masheikh, mimi nitakuonyesha rafu.

Anza na kitabu cha Kiswahili: *Baadhi ya Wanavyuoni wa Kishafi wa Mashariki ya Afrika* cha Sheikh Abdallah Saleh Farsy, Mombasa, 1972. Ni mmoja wa waliotafsiri Kurani kwa Kiswahili. Hapa anapita mwanachuoni kwa mwanachuoni: nani alisoma kwa nani, alikufa lini, wanafunzi wake ni nani. Ukikifungua bila subira utaona orodha ya majina. Ukisoma polepole utaona unachotafuta, maana watu wa tarika hawaanzi na fundisho, wanaanza na silsila: nilichukua kwa fulani, naye kwa fulani, mpaka Sheikh Abdulkadir Jilani aliyekufa Baghdad mwaka 1166, na kupanda juu mpaka kwa Mtume. Mwonyeshe mdogo wako kitabu hiki pia. Sheikh Farsy mwenyewe alikuja kuwa mkali dhidi ya mengi ya watu wa tarika, na bado aliandika habari zao kwa uangalifu. Nampenda kwa hilo.

Kadiria ya bibi yako, kwa kuwa ni Tanga, sitaapa imepitia mkono upi. Lakini mtu mkubwa wa tarika hiyo katika pwani yetu ni Sheikh Uways wa Barawa, aliyefika Unguja miaka ya 1880, zama za Sultani Barghash, akatoa ijaza, yaani idhini ya kufundisha, kwa watu waliozipeleka bara. Aliuawa mwaka 1909 kule Somalia na wafuasi wa Sayyid Muhammad Abdulla Hassan, Waislamu wenzake waliopinga mambo hayo hayo. Kwa hiyo mgogoro wa ukumbini kwenu una umri mrefu kuliko bibi.

Ukisoma Kiingereza, tafuta kitabu cha August Nimtz cha mwaka 1980 kuhusu tarika na siasa Tanzania. Humo yumo Sheikh Ramiya wa Bagamoyo. Aliletwa pwani akiwa mtoto, mtumwa kutoka upande wa Kongo, akanunuliwa na liwali. Akasoma, akafanya biashara, akawa khalifa wa Kadiria, na alipokufa mwaka 1931 watu waliojiita waungwana walikuwa wanapiga magoti kuomba dua yake. Nilipofika ukurasa huo nilikifunga kitabu nikatoka nje kununua kahawa. Pengine hicho ndicho bibi zetu walichokuwa ndani yake: duara ambamo mtu haulizwi aliuzwa sokoni au alizaliwa kwenye nyumba ya mawe, anaulizwa pumzi yake inakwenda sawa na wenzake.

La mwisho kwako ni utenzi wa *Al-Inkishafi* wa Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa Pate. Si kitabu cha tarika. Ni mtu anauhoji moyo wake huku akitembea ndani ya mji uliokufa. Madaka yaliyokuwa na sahani za kichina sasa yamelaliwa na makinda ya ndege, na "bumu hukoroma kati nyumbani", bumu ni bundi. Soma kwa sauti. Lahaja yake itakusumbua kurasa mbili tatu, kisha utamsikia bibi.

*Mzee wa Rafu, mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili. Sina fedha wala muda. Nikitaka kuelewa watu waliomtafuta Mungu kwa ndani, nianze na kitabu gani kimoja? – Dodoma*

Kimoja siwezi, chukua viwili vifupi uvisome sambamba.

Cha kwanza ni masimulizi ya Imamu Ghazali ya namna alivyookoka na upotevu. Alikuwa mwalimu mwenye jina kuliko wote Baghdad. Mwaka 1095 ulimi ukamkwama darasani, akawa hawezi kutamka neno wala kumeza mchuzi, matabibu wakasalimu amri. Akagawa mali, akabakiza ya watoto, akaondoka. Cha pili ni *Maungamo* ya Augustino, yule yule aliyemkataa Henoko, Mwafrika mwenzetu aliyezaliwa mwaka 354 katika nchi tunayoiita leo Algeria. Si kifupi, nimekudanganya, lakini soma kitabu cha nane tu, pale bustanini Milano mwaka 386 anaposikia sauti ya mtoto wa jirani ikiimba: chukua, soma. Maprofesa wawili, miaka 700 kati yao, wote wameshindwa na kazi yao ya kusema.

Ukienda maktaba usimwulize mtu, nenda rafu za namba 200, ndiko vitabu vya dini vinakopangwa. Ukristo umepewa kuanzia 220 mpaka 289, una nafasi ya kunyoosha miguu. Dini nyingine zote za dunia zimebanana kwenye 290: Uislamu 297, na dini za mababu zetu wa Afrika nzima zimesukumwa karibu na mwisho, 299.6, nyuma ya mlango. Mpango huo aliutunga Mmarekani Melvil Dewey mwaka 1876. Niliandika barua ya malalamiko kwa wakubwa wangu mara tatu. Mara ya tatu walinijibu: waliniletea boksi la vibandiko vipya vya 299.6, kwa kuwa vile vya zamani vilikuwa vimeanza kubanduka.