Kuunganisha programu na SQLite: niliyojifunza dukani kwa mjomba Busia

We unayeanza, kabla hujamaliza bando kwa video za masaa manne ngoja nikwambie, kuunganisha programu na databesi ni mstari mmoja tu. Kama una Python kwenye laptopu basi SQLite, databesi ndogo inayokaa kwenye faili moja, unayo tayari, imo humo ndani tangu Python 2.5 ya mwaka 2006, hamna cha kupakua, hamna seva, hamna paswadi.

import sqlite3
kon = sqlite3.connect("duka.db")

Umeshaunganika. Shida inaanza hapo, na mi karibu kila shida niliyopata ilitokana na kusahau kwamba hii databesi ni faili. Hamna seva iliyokaa mahali inakusubiri, ni faili kama picha yoyote iliyo kwenye simu yako, na anayeandika humo ni programu yako yenyewe.

Nilijifunzia dukani kwa mjomba, Busia upande wa Uganda. Duka la kawaida, posho, sukari, sabuni, mukene, na daftari la madeni lililochakaa mpaka jalada halipo. Nikamwambia mjomba hili daftari tulistaafishe nikuwekee kila kitu kwenye kompyuta. Akanijibu, "Sawa, ila deni likipotea linakuwa lako."

Basi nikaandika programu, kwenye teminali inakwenda vizuri kabisa, nikamwekea ikoni kwenye skrini awe anabonyeza tu. Anabonyeza, inamtolea "no such table: madeni". Narudi kwenye teminali madeni yapo, nakuja kwenye ikoni hayapo, nikaanza kuhisi laptopu ina virusi. Kumbe connect ikikosa faili hailalamiki, inakuundia jipya tupu kimyakimya, na ukiandika "duka.db" peke yake inalitafuta kwenye folda ambamo programu imeanzishwa, sio folda iliyo na kodi yako. Nilipotafuta kwenye mashine nzima nikakuta duka.db tatu, moja ina madeni na mbili zina hewa. Siku hizi naandika hivi na sijawahi kujuta:

from pathlib import Path
njia = Path(__file__).resolve().parent / "duka.db"
kon = sqlite3.connect(njia)

Alafu naprinti hiyo njia programu inapowaka. Ukikwama, la kwanza kujiuliza ni hilo, je nimefungua faili lipi?

Sasa la commit. Hili ndo lilinitoa jasho. Python ukiandika INSERT, ile amri ya kuingiza data, inakufungulia muamala yenyewe, yaani kazi ambayo bado haijathibitishwa, na kitu ulichoingiza hakijakaa kwenye faili mpaka useme kon.commit(). Mi niliweka commit moja tu, mwisho kabisa, pale mtu anapobonyeza kitufe cha kufunga. Niliona nimefanya usafi. Laptopu ya mjomba betri ilishakufa zamani, inaishi kwa waya, na umeme wa huku unaujua. Saa kumi jioni ya siku ya soko ukakatika. Uliporudi nikawasha, madeni ya siku nzima hamna hata moja, na mjomba amesimama nyuma yangu anasoma skrini. Hakusema kitu. Alichukua lile daftari la zamani akaanza kukumbuka wateja mmoja mmoja kwa sauti, na mi naandika.

Kwa hiyo kila deni likiingia commit hapohapo. Au tumia hii:

with kon:
    kon.execute(...)

ikifanikiwa inakomiti, ikikosea inarudisha nyuma, lakini usidanganyike na hilo neno with, haifungi muunganisho, kon.close() ni kazi yako bado. Na jambo jingine, siku ile umeme uliporudi niliona pembeni kuna faili linaitwa duka.db-journal, nikataka kulifuta nikidhani ni takataka. USILIFUTE. Humo ndo SQLite inaweka hali ya zamani ili uandishi ukikatika katikati iweze kurudi kwenye hali salama, ukifungua databesi tena inajisafisha yenyewe.

Ukitaka kujua kwa nini haina seva, Richard Hipp aliyeianzisha mwaka 2000 alikuwa anatengeneza programu kwa ajili ya meli ya kivita ya Marekani, na seva ya databesi ikilala programu yake ndo inaonekana mbovu ilhali haina kosa. Akaona bora isome faili moja kwa moja kwenye diski. Naye alikuwa na Busia yake.

Tuje kwenye kuingiza data. Kila anayeanza anaunganisha maneno kwa kujumlisha au kwa f-string (ile ya kuchomeka data ndani ya maneno kwa mabano), na mafundisho mengi yatakutisha na wadukuzi. Mi hakuna aliyenidukua, niliangushwa na ng'onda. Mjomba kaandika bidhaa "ng'onda", programu chali, "syntax error". Ile alama ya ng' kwa SQL, lugha ya kuzungumza na databesi, ni mwisho wa maneno, kwa hiyo inaona ng kisha uchafu. Na Kiswahili chetu hicho kimejaa, ng'ombe, ng'ambo, na majina ya watu pia kama Ong'om. Dawa ni alama za kuuliza:

kon.execute("INSERT INTO madeni (mteja, bidhaa, kiasi) VALUES (?, ?, ?)", (mteja, bidhaa, kiasi))

Ukiwa na kitu kimoja usisahau koma, (jina,) sio (jina), la sivyo Python inahesabu herufi za jina moja moja na kukuambia umeleta vitu vingi mno. Na mdukuzi naye hapohapo umemfungia mlango.

Aina za data nilipuuzia. Namba za simu nikaweka INTEGER kwa sababu si ni namba, SQLite ikameza sifuri ya mbele kwenye zote. Namba ya simu ni TEXT, huijumlishi wala huizidishi. Pesa weka INTEGER, shilingi yetu haina senti mkononi kwa mtu, REAL ya namba zenye nukta ya nini. Lakini usiamini sana hilo neno INTEGER, ukiingiza "elfu tano" kwa maneno itapokea bila kukunja uso, labda jedwali uliunde na neno STRICT mwishoni, linafanya kazi kuanzia toleo 3.37 la mwaka 2021. Kosa langu kubwa zaidi SQLite haihusiki hata: pale mpakani watu wanakopa kwa shilingi za Uganda na za Kenya, na mi nilikuwa na kiasi tu bila safu ya sarafu. Mtu anadaiwa 3,000 za Kenya, programu inamhesabia 3,000 za Uganda, ambazo kwa Kenya ni mia na kitu. Yule mteja aliisifu sana programu yangu.

FOREIGN KEY, zile kanuni za kuunganisha jedwali moja na jingine, nazo zimezimwa mpaka uandike PRAGMA foreign_keys = ON, na ni kila unapofungua muunganisho.

Siku moja ukiona "database is locked" usipanike. Wasomaji wengi ruksa, mwandishi ni mmoja kwa wakati, Python inasubiri sekunde 5 ndo inakata tamaa. Kwangu ilikuwa nimefungua lile faili kwenye DB Browser, programu ya kutazama databesi, nikabadilisha mstari, sikusevu, nikaenda kula.

Bakapu nayo, usikopi faili wakati programu inaandika, unaweza ukabeba nakala iliyovunjika. Kuna kon.backup() tangu Python 3.7, mi inaandika kwenye flashi kila jioni.

Juzi mjomba kaniambia mke wake anafungua kibanda karibu na steji ya taksi na anataka kompyuta zote mbili zisome madeni yaleyale. Nikamwambia faili hili tusiliweke kwenye folda ya mtandao, kufuli zake huko haziaminiki, hapo sasa tunahitaji seva kweli, PostgreSQL mfano. Akaniuliza seva inakula umeme kiasi gani. Mke wake anatumia daftari mpaka leo.