Kwantamu na maboza ya maji Kisauni

Mdogo wangu, umeuliza kama kompyuta za kwantamu, zile zinazokokotoa kwa kanuni za chembe ndogo kabisa kama atomu, zaweza kuwapangia njia maboza yenu 6 ya maji hapo Kisauni, na kama ujifunze. Jifunze, lakini maji yasikungoje.

Kupanga njia ni hesabu inayofura haraka: vituo 10 tu vina mipangilio zaidi ya milioni 3. Ndiyo maana mwaka 2019 Volkswagen walijaribu kuongoza mabasi 9 mjini Lisbon kwa mashine ya kwantamu ya kampuni ya D-Wave. Lakini mashine za leo bado hukosea sana, na kwa maboza 6 kompyuta ya kawaida yatosha. Kinachokupungukieni ni habari: mfereji upi ulitoka maji lini, kichochoro gani boza halipiti. Zungukeni mwezi mzima mkiandika. Anzeni na wauza maji wa mikokoteni, hao wanajua kuliko ofisi yoyote.

Kisha pakua Qiskit, programu ya kuandikia hesabu za kwantamu, ni bure, ujaribu tatizo hilohilo kwa vituo 4, ulinganishe majibu.

Na akija mtu kukuuzia “mtambo wa kwantamu” wa kusaka mabomba yanayovuja, muulize kwanza mita za kupima presha ziko wapi; bila vipimo vyake mtambo hauna cha kukokotoa.