Usishushe giaboksi kabla ya kupima upepo

Kaka, umesema giaboksi ya Fuller ya lori lako inagoma kutoka low (kundi la gia za chini) kwenda high (kundi la gia za juu) ukimaliza mlima wa Kitonga, gia nyingine zinaingia vizuri, na fundi anataka kushusha giaboksi. Mzuie kwanza. Low na high kwenye Fuller zinahamishwa na upepo wa matangi ya gari. Jaza matangi hayo upepo, zima injini, paka povu la sabuni kwenye mipira ya upepo na maungio yote kuanzia kwenye nobu ya gia, huku ukihamisha low na high; mapovu yakitoka, hapo panavuja. Regyuleta yake, yaani kidhibiti cha presha ya upepo, kwenye Fuller nyingi inatakiwa kutoa takriban psi 60. Upepo ukitokea kwenye kipumulio cha giaboksi (tundu lake la kupumulia), shuku oringi, yaani pete za mpira, za silinda ya nyuma inayohamisha low na high, na kwa kawaida hiyo hurekebishwa bila kushusha boksi zima.

Halafu washa injini usikilize, gari ikiwa nyutro. Mlio ukipotea unapokanyaga klachi, shuku beringi za ndani ya boksi. Ukianza unapokanyaga, shuku beringi ya klachi. Mwaga oili ya giaboksi pia uitazame: unga laini kwenye sumaku ya nati ya kumwagia oili ni kawaida, vipande vya chuma ndivyo vya kukusimamisha safari. Hapo fungua boksi hata kama mzigo unangojewa.