Meli ikiwa gatini inachoma mafuta kiasi gani?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa fizikia, naishi Mtongwe, ng'ambo ya bandari ya Kilindini. Upepo wa kaskazi ukivuma, moshi wa meli hutufikia hadi darasani. Wanafunzi wameniuliza meli moja ya kontena ikikaa gatini siku mbili inachoma mafuta kiasi gani, na inatoa uchafu gani hewani. Nilitafuta nguvu ya injini yake nikapata kilowati 21,000, nikazidisha kwa saa 48 na kwa gramu 180 za mafuta kwa kila kilowati-saa. Nikapata zaidi ya tani 180. Je, ni kweli?

JIBU: Mwalimu, kuzidisha umezidisha sawasawa, ila umeihesabu injini ambayo wakati huo imelala. Kilowati 21,000 ni za injini kubwa, ile inayozungusha rafadha. Meli ikishafungwa kamba, injini hiyo huzimwa. Zinazounguruma ni jenereta za umeme, pamoja na boila inayopasha moto mafuta mazito, maana yakipoa huganda kama samli na pampu haziyavuti. Kosa hili nimelikuta hata kwenye ripoti za wataalamu na linaniuma, kwa sababu tarakimu iliyokuzwa humpa mwenye meli sababu ya kuitupa ripoti nzima, pamoja na ukweli uliomo.

Tuanze upya. Tuseme jenereta zinatoa kilowati 1,000 kwa wastani. Kwa saa 48 hizo ni kilowati-saa 48,000. Jenereta ya melini hula gramu 220 hivi kwa kila kilowati-saa, kwa hiyo ni tani 10.6. Boila tuipe kilo 100 kwa saa, yaani tani 4.8. Jumla tani 15.4.

Kila tani ya mafuta mazito ikiungua hutoa tani 3.114 za hewa ya ukaa. Wanafunzi watauliza tani moja inazaaje tatu: kaboni ya mafuta hushikana na oksijeni ya hewani, na uzito mwingi wa gesi hiyo ni wa oksijeni. Tani zetu 15.4 zinakuwa karibu 48.

Salfa ni rahisi zaidi. Tangu 1 Januari 2020, Shirika la Kimataifa la Bahari, IMO, limeweka kikomo cha asilimia 0.50 ya salfa kwenye mafuta ya meli duniani kote. Kabla ya hapo kilikuwa asilimia 3.50. Kwa kikomo cha sasa, tani 15.4 zina salfa kilo 77. Ikiungua, uzito wake huongezeka maradufu: kilo 154 za dioksidi ya salfa. Kwa kikomo cha zamani meli hiyohiyo ingeweza kutoa zaidi ya tani moja kwa siku hizo mbili. Mabadiliko hayo ni makubwa, na mapafu ya watu wa pwani yameyahitaji muda mrefu.

Lakini oksidi za nitrojeni hazikupungua kwa sheria hiyo. Nyingi hazitoki kwenye mafuta. Ni nitrojeni ya hewa ya kawaida inayoungana na oksijeni kwa joto kali ndani ya silinda. Jenereta ya mizunguko 720 kwa dakika, ya meli iliyojengwa kuanzia 2011, inaruhusiwa gramu 9.7 kwa kila kilowati-saa. Zidisha kwa 48,000: kilo 466, mara tatu ya gesi ya salfa. Za boila ni kidogo, nimeziacha. Gesi hizi kwa kiasi kikubwa hazionekani; weusi mnaouona kwenye dohani ni masizi. Moshi ukiwa mweupe au usipoonekana kabisa, wanafunzi wasiandike kwamba meli haitoi kitu.

Sasa penye ugumu wa kweli: zile kilowati 1,000 nimezitoa wapi? Saa za kukaa gatini mtazipata wenyewe, kwa sababu meli kubwa hutangaza mahali ilipo na mwendo wake kupitia mtambo wa AIS, na simu yenu inatosha kuufuatilia. Umeme ambao jenereta zinatoa hautangazwi. Tunatumia majedwali ya wastani kwa aina na ukubwa wa meli, kama yale ya utafiti wa nne wa IMO kuhusu gesi joto, wa 2020. Wastani huo unaweza kuwa mbali na meli iliyo mbele yenu. Meli iliyopakia kontena 100 za friji zenye parachichi, kila moja ikivuta kilowati 3 au zaidi, imeongeza kilowati 300 papo hapo. Kwa hiyo andikeni jibu kama kati ya tani 12 na 20, msiandike 15.36.

Hata vitabu vya meli yenyewe vina mitego. Nikiwa injinia mchanga nilishusha tepu ndani ya tangi, nikasoma alama ya mafuta, nikapata mita za ujazo 100. Nikazidisha kwa 0.991, yaani tani za kila mita ya ujazo, iliyokuwa kwenye hati ya mafuta, nikaandika tani 99. Chifu, yaani injinia mkuu wa meli, akaniuliza joto la tangi. Lilikuwa nyuzi 50, na ile 0.991 ni ya nyuzi 15. Mafuta yakipashwa hutanuka. Tani halisi zilikuwa karibu 97. Ukiyakosa hayo mara mbili kwa wiki, hesabu ya mwezi haina maana tena.

Ile injini kubwa mtaihitaji mkihesabu safari. Nguvu hufuata mwendo kwa kipeo cha tatu: meli ikipunguza mwendo kwa moja ya tano, nguvu hushuka hadi karibu nusu. Safari itachukua muda mrefu zaidi, lakini mafuta ya umbali uleule yatapungua kwa zaidi ya theluthi. Bahari iliyochafuka kwa mawimbi na viumbe vya baharini vilivyoganda tumboni mwa meli huharibu hesabu hii, basi ongezeni asilimia 15 hivi.

Jambo la mwisho kwa darasa lako: kilo hizi ni za kilichotoka kwenye dohani, si za kile mnachovuta. Kusi ikivuma, moshi huohuo huelekea Changamwe na nyinyi mko salama. Kwenye daftari wekeni safu mbili zaidi, mwelekeo wa upepo na saa mliyosikia harufu, kisha mzilinganishe na saa za meli gatini.