Muulize Bi Mwalimu: “Liyongo alikuwa mkubwa sana”

SWALI: Shikamoo Bi Mwalimu. Nafundisha Gredi ya Tano hapa Malindi, mwaka wangu wa pili kazini. Muhula huu niliwahadithia watoto kisa cha Fumo Liyongo, yule shujaa wa hadithi za pwani, wakasikiliza midomo wazi. Nilipowaambia wakisimulie upya kwa kuandika, madaftari 32 yalirudi na maneno yale yale: “Liyongo alikuwa mkubwa sana. Alikuwa na nguvu sana. Alifungwa. Alitoroka. Akafa.” Nikaandika vivumishi 20 ubaoni ili wavitumie. Sasa nina “Liyongo mrefu, mnene, jasiri, hodari, mkali alikwenda jela.” Mmoja aliyekariri misemo ya insha ameandika kwamba Liyongo alipokata minyororo alisema miguu niponye, machozi yakimtiririka njia mbili mbili. Nifanyeje?
Mwalimu wa Gredi ya Tano, Malindi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Huyo wa miguu niponye nimemcheka mpaka chai ikanipalia. Usimgombeze. Masikio anayo, macho tu ndiyo hajayatumia.

Ile orodha ifute. Nami niliiandika ubaoni miaka mingi, tena kwa chaki za rangi, nikavuna kile kile unachovuna wewe. Mtoto ukimpa neno kabla hajakiona kitu, atalitua popote penye nafasi.

Anza na mkoba. Muhamadi Kijumwa wa Lamu, aliyetunga utenzi wa Liyongo mwaka 1913, hakutosheka kutuambia jamaa ni mrefu na mpana. Alimtwika mkoba, na mkoba ulipofunguliwa mjini Pate mkatoka kinu, mchi, jiwe la kusagia, vyungu na mafiga. Jiko zima begani mwa mtu mmoja! Basi azima kinu kwa jirani, kitie guniani pamoja na mchi wake, umwambie kijana mwenye misuli kuliko wote darasani akibebe mpaka getini. Wenzake wamtazame. Usiwaulize “yukoje?” maana watakujibu “amechoka sana.” Waulize magoti yanafanya nini, shingo iko wapi, pumzi inatoka vipi. Hapo ndipo utasikia anapepesuka, amejikunja, anatweta, mshipa umemtoka. Kisha uliza: na Liyongo je, alitembeaje na mzigo ule? Darasani kwangu msichana mmoja alijibu, “Alikuwa anapiga mluzi.” Ukubwa wa Liyongo ulikuwa umekwisha kuelezwa, na neno “kubwa” halikutajwa.

Hapo sasa unaweza kuwagawia maneno ya wazee: pandikizi la mtu, mtu wa miraba minne. Watayapokea kwa hamu kwa sababu tayari wana mtu wa kumvika.

Siku ya pili peleka tupa, kile chuma cha kukerezea vyuma, na wishwa. Watoto wengi wa leo hawajui wishwa ni nini. Waambie ni pumba, wazishike, wazinuse, mwenye ujasiri aonje. Mkate wa wishwa ndio roho ya kile kisa cha gerezani. Walinzi walikuwa wakila kila chakula kizuri alicholetewa mfungwa, kwa hiyo Liyongo akamwagiza mamake, kwa wimbo aliotumwa nao kijakazi Saada, aoke mkate ambao hakuna mlinzi angeutamani, na tupa aifiche ndani. Mtoto aliyezionja pumba akazitema hataandika “mkate mbaya.” Ataandika unakwaruza koo, unamumunyika kama mchanga, una rangi ya vumbi. Halafu mpe tupa akereze msumari, nusu ya darasa wapige makopo na sinia. Ule ndio usiku wa ngoma ya gungu: matuazi na upatu vinalia nje, ndani pingu zinakatwa, na hakuna anayesikia. Tenga dakika 40, na umwombe radhi mwalimu wa darasa la pili.

Kisimani nenda polepole. Liyongo amechomwa kitovuni kwa sindano ya shaba na mwanawe wa kumzaa, akatoka na uta wake, akapiga goti kando ya kisima, mshale tayari, akafa vile vile. Mji mzima ukashindwa kuteka maji, watu wakidhani yu hai. Hapa wanahitaji maneno ya utulivu, na Kiswahili kinayo mengi: tuli, jii, kimya, asijitikise. Lakini nikuungamie jambo. Zamani mtoto mmoja aliniandikia: “Nzi alitua kwenye jicho lake, hakupepesa.” Nikaikata sentensi ile kwa wino mwekundu, pembeni nikaandika “Hayumo katika hadithi,” nikamnyima alama mbili. Nilikuwa nasahihisha usiku kwa taa ya chemni, nikifuata mwongozo wa vivumishi vitano kwa kila ukurasa. Sikumbuki sura ya mtoto yule, ila nzi wake ninaye mpaka leo.

Kwa hiyo ukisahihisha, usihesabu vivumishi. Piga mstari chini ya kila “sana,” uandike pembeni: ulionaje? Wape siku mbili warudie aya moja tu, si hadithi nzima. Wa kwako wa misemo ya insha muulize nani aliyaona hayo machozi usiku ule, na giza lile. Akikujibu kwamba ni Saada, mwache ayaweke.

SWALI: Binti yangu aliandika kwamba kanzu ya shujaa ilikuwa “nyeupe pe” na usiku “mweusi ti.” Mwalimu wake amevikata akisema ni lugha ya mitaani. Ni kweli?
Baba wa watatu, Tanga

JIBU: Si kweli, baba. Hivyo ni vielezi viigizi, kama fofofo ya mtu aliyelala na chapachapa ya aliyeloa. Ni Kiswahili safi, na ni katika vitu ambavyo mtoto huvipata bure kwa bibi yake. Nenda shule kwa upole, ukiwa na kamusi kwapani, umwombe mwalimu mfungue pamoja kwenye P.