Mwanangu, kuhusu kutia jina lako kwenye kesi ya mto

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Sisi huku hatujambo, ni joto tu la Mombasa linalotusumbua. Ujumbe wako niliusoma usiku, asubuhi nikamsomea babako akiwa anakunywa chai, naye akanyamaza muda mrefu. Unamjua babako, akinyamaza hivyo ujue jambo limemwingia.

Umesema nyuma ya mtaa wenu kuna mtu anajenga magorofa mpaka ukingoni mwa mto, kashakata mikuyu yote na udongo wa msingi anaumwaga majini. Majirani wameunda kikundi, wamepata wakili, na sasa wanatafuta watu wa kutia majina kama walalamishi. Unaogopa kwa ajili ya kazi yako. Ukaniuliza: "Mama, wewe umekaa kaunta ya mahakama maisha yako yote. Hivi sheria imewahi kuokoa mti hata mmoja, au ni mawakili tu wanaokula?"

Mawakili wanakula, hilo sikufichi. Lakini miti nayo imeokolewa. Nianze na kesi iliyotupwa, maana ndiyo niipendayo kuliko zote.

Mwaka 1989 chama tawala kilitaka kujenga jumba la orofa 60 ndani ya Uhuru Park, ile bustani ya umma ya Nairobi, liwe makao ya gazeti lake, na sanamu ya rais mbele yake. Wangari Maathai, yule mama mtetezi wa miti, akaandika barua kila mahali: kwa kampuni ya gazeti, kwa ofisi ya rais, kwa balozi wa Uingereza, kwa Umoja wa Mataifa. Bungeni wakamtukana, wakasema wenzake ni kundi la wanawake walioachika. Shirika lake, lile lililoanza kupanda miti na akina mama wa vijijini mwaka 1977, likapewa saa 24 lihame jengo la serikali. Akaenda Mahakama Kuu. Desemba jaji akaitupa kesi, kwa sababu mama yule hakuonyesha kwamba yeye binafsi angedhurika kuliko watu wengine. Wa kushtaki kwa niaba ya umma, kwa sheria ya wakati ule, alikuwa Mwanasheria Mkuu, yaani mtu wa serikali ile ile.

Ebu lifikirie hilo. Bustani ni ya watu wote, kwa hiyo hakuna mtu mwenye haki ya kuidai! Na hiyo haikuwa chuki ya jaji mmoja. Ndivyo sheria ilivyofundishwa. Mimi nilipoajiriwa, mtu akija masjala na malalamiko ya kisima kuchafuliwa au msitu kukatwa, swali la kwanza lilikuwa: wewe umeumizwa wapi? Kama shamba si lako na kisima si chako, unarudi ulikotoka. Nimewaona wazee wakikunja karatasi zao na kuondoka, na karani hana la kuwaambia.

Jumba lile halikujengwa. Barua ziliwafikia wafadhili wa nje, wakaanza kurudi nyuma, na mwaka 1992 uzio ukang'olewa. Kortini alishindwa, nje akashinda. Ila kushindwa kule kulianika tundu la sheria hadharani. Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 ikaanza kuliziba, na Katiba ya 2010 ikamalizia. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Kifungu cha 70 kinamruhusu yeyote kwenda kortini haki hiyo ikivunjwa au ikitishiwa, na ndani yake kuna kijisehemu cha tatu kinachosema mlalamishi hahitaji kuonyesha kwamba kuna mtu yeyote aliyepata hasara au kuumia. Kijisehemu hicho ni kama wamekaa wakaandika jibu la ile kesi ya Uhuru Park. Wewe hapo ulipo, ambaye huna hata mti mmoja kando ya mto huo, unaweza kuushtakia.

Karura, ule msitu wa Nairobi, ni hadithi nyingine, na hapo babako nami hatuelewani. Yeye anasema Karura iliokolewa na wanafunzi na mabango, wala sheria haikuwepo. Ana haki, kwa kiasi kikubwa. Mwaka 1998 ilipojulikana kwamba vipande vya msitu vimegawiwa watu binafsi, wenye kugawiwa ndio waliokuwa na makaratasi mkononi. Silaha ya Wangari Maathai na wenzake ilikuwa miche. Walikwenda kupanda miti pale pale palipofyekwa. Januari 1999 walinzi wa kukodiwa wakawapiga, naye akaenda kuripoti polisi, akatia sahihi taarifa yake kwa damu iliyokuwa ikimtoka kichwani. Agosti mwaka huo rais akapiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma. Leo wewe unakwenda kutembea Karura Jumapili na kunitumia picha za maporomoko ya maji.

Ninachomjibu babako ni kwamba ile karatasi yenye damu nayo ilikuwa karatasi. Mtu kavunjwa kichwa na bado anajua kwamba lazima taarifa iandikwe, itiwe sahihi, iwe na tarehe. Ndiyo maana naamini waandamanaji na mawakili wanahitajiana. Wakili asiye na watu nyuma yake, kesi yake huahirishwa hadi watu wasahau. Na kikundi kisicho na faili huimbishwa nyimbo, hupigwa picha, kikishatawanyika tingatinga linarudi usiku.

Sasa nikupeleke Lamu, maana huko walivifanya vyote viwili. Mpango ulikuwa kituo cha umeme wa makaa ya mawe huko Kwasasi, megawati 1,050, karibu na mji mkongwe ambao UNESCO imeuorodhesha tangu 2001. NEMA, mamlaka ya serikali ya mazingira, ikatoa leseni 2016. Watu wa Lamu, wavuvi miongoni mwao, wakapinga leseni mbele ya Jopo la Kitaifa la Mazingira, linalosikiza malalamiko ya leseni kama hizo. Juni 2019 jopo likaifuta. Nataka uone ni nini kilichoiangusha. Waliotaka kujenga walikuwa wamefanya mikutano, ndiyo. Lakini mikutano ile ilikuwa ya utangulizi. Ripoti yenyewe ya athari kwa mazingira ilipokamilika, yenye kurasa na hesabu za moshi na majivu, wananchi hawakurudiwa ipasavyo wakaelezwa kilichomo na kupewa nafasi ya kuijibu. Juu ya hapo, sheria ya mabadiliko ya tabianchi ya 2016 haikuzingatiwa. Mwenye mradi akakata rufaa, na Oktoba 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Malindi ikasema jopo lilikuwa sawa.

Kwa hiyo mradi mkubwa namna ile uliangushwa na swali la nani aliitwa mkutanoni, lini, na aliambiwa nini. Swali hilo halijibiwi na wakili wa Nairobi. Linajibiwa na mzee anayekumbuka kwamba siku ile chifu aliitisha baraza saa nane mchana, ripoti haikuletwa, na watu wakapewa soda. Kikundi chenu kina watu wa namna hiyo. Waandikeni wanayoyakumbuka sasa hivi, kila mtu kwa maneno yake, kabla hawajaanza kusimuliana hadi ikawa hadithi moja ya wote. Ushahidi wa watu kumi unaofanana hadi koma humfanya jaji avue miwani.

Kuhusu mto wenu. Kanuni zinataka ukingo uachwe wazi kwa upana wa mto wenyewe, usipungue mita 6 wala usizidi mita 30 kila upande, na hupimwa kuanzia pale maji yalipowahi kufika katika mafuriko makubwa kabisa. Wajenzi hupenda kupima kutoka kwenye maji ya kiangazi, mto ukiwa mwembamba. Mtaani kwenu mlifurikwa Aprili na Mei 2024. Ulinitumia video nikakosa usingizi. Ile alama ya matope kwenye kuta bado ipo? Kama hawajapaka rangi, ipigeni picha leo, mkishika futi ya kupimia ionekane, na ukuta ujulikane ni wa nyumba gani. Alama hiyo ndiyo mpaka wenu.

Kisha ombeni kwa barua nakala ya leseni na ripoti ya athari. Sheria ya upatikanaji wa habari ya 2016 inaipa ofisi siku 21 kujibu. Mkiijua tarehe ya leseni, hesabuni: kupinga leseni mbele ya jopo kuna siku 60. Nimeona vikundi vyenye hoja nzuri kabisa vikitumia siku hizo kuchagua mwenyekiti na mweka hazina. Wenu wameshachagua? Basi wasichague tena.

Wakili akikuandikia hati ya kiapo, isome yote kabla ya kuapa, aya kwa aya. Kuna mawakili wanaochukua hati ya kesi ya mwaka jana na kubadilisha majina, halafu mlalamishi anaulizwa kizimbani kuhusu ziwa ambalo hajawahi kuliona. Mimi mwenyewe niliitia muhuri hati iliyoutaja mto mmoja ukurasa wa kwanza na mwingine ukurasa wa tatu. Si kazi ya karani kumwambia mtu kiapo chake kina walakini.

Umeuliza kama mkishinda kutakuwa na faida. Sitakudanganya hapa. Mtaa wa Owino Uhuru uko dakika chache kutoka kwetu, unaujua. Kiwanda cha kuyeyusha betri kilianza 2007 na kuwamwagia watu risasi, ile madini, kwenye hewa na maji. Phyllis Omido alikuwa mfanyakazi wake, mtoto wake akakutwa na sumu hiyo kwenye damu, akaanza kelele. Mwaka 2012 alikamatwa na kushtakiwa, baadaye akaachiliwa huru. Kiwanda kikafungwa 2014. Kesi ikaja mahakamani Mombasa, na Julai 2020 wakazi wakapewa fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufaa ikaiondoa 2023. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Hesabu miaka mwenyewe. Na hukumu ni jambo moja, pesa kumfika mama mwenye mtoto mgonjwa ni jambo jingine kabisa. Wakazi wale wanalijua hilo kuliko mimi.

Jingine linaniuma, na uliweke mbele ya kikundi chenu. Baada ya mafuriko yale ya 2024, sheria hii hii ya ukingo wa mto ilipoanza kutekelezwa, vilivyobomolewa vilikuwa vibanda vya Mathare. Wenye vibanda hawakuwa na wakili. Msije mkashinda kesi yenu halafu agizo likatumika kumng'oa yule mama anayeuza sukuma darajani na gorofa likabaki. Mwambieni wakili aandike wazi mnalalamikia nini na nani.

Tuje kwenye jina lako. Ile kesi ya Lamu imesajiliwa kwa jina la kikundi, Save Lamu, na wengine watano. Watu watano walikubali majina yao yakae juu ya jalada. Kikundi peke yake mpinzani hukiita cha mfukoni, hukiulizia cheti cha usajili, hukipotezea miezi. Majina ya watu wanaokaa pale ni vigumu kuyafuta. Kwa hiyo ndiyo, tia jina lako. Lakini usiwe wa kwanza, wala usiwe peke yako mwenye ajira kati ya wasio na la kupoteza, maana huyo ndiye atakayepigiwa simu. Watafute wengine wanne watano, wawe wazee na vijana, mwenye nyumba na mpangaji. Mwajiri wako mwambie mapema wewe mwenyewe, asilisikie kwa mtu. Kuhusu gharama usihofu sana: kesi za maslahi ya umma mahakama mara nyingi huamuru kila upande ujilipie, ila muulize wakili wenu akujibu kwa maandishi.

Naogopa, mwanangu, usidhani siogopi. Nimesoma mafaili mengi mno. Wakianza kukupigia simu za namba usizozijua, siku hiyo hiyo uende ukaandikishe polisi, uchukue namba ya OB, kile kitabu chao cha matukio, na unitumie.

Babako kaniambia nikuulize kama mikuyu imekatwa shina au imeng'olewa na mizizi, kwa sababu mkuyu uliokatwa huchipua tena, na kama mashina bado yapo msikubali tingatinga liyafikie kabla ya kesi kusikizwa. Mjibu yeye moja kwa moja, anangoja. Na nakala ya leseni ukiipata, nitumie kwa simu niisome. Macho yangu bado yanaona tarehe iliyobadilishwa.

Mamako